Usugu wodini: jinsi ya kujua kama kilichosafiri ni bakteria au ni jeni tu

Hii nawaandikia watu wa maabara na wa wodini huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe, interni, manesi, matabibu, yeyote anayepokea majibu ya kuotesha yamejaa R R R (R ni dawa imegoma, S ni inakubali) kuanzia juu mpaka chini af anaambiwa "kuna usugu", basi, imeisha hiyo. Haijaisha. Usugu ukishaonekana kwa wagonjwa wawili watatu kuna swali la "tumpe dawa gani" ambalo ni la daktari na mgonjwa wake na ni la leo leo, ila kuna swali lingine la wodi nzima ambalo watu wanalikimbia: ni nini hasa kimetoka kitanda kile kikaja hiki? Ni bakteria mzima mzima kabebwa na mikono yetu? Ni plazmidi, kiduara cha vinasaba chenye jeni ya usugu, imehama kutoka kwa bakteria Klebsiella ikaingia kwa bakteria mwingine, E. coli? Au hamna kilichosafiri wodini kabisa, kila mgonjwa kaja nacho toka kwao? Hayo ni majibu matatu na kila moja lina kazi yake, ukikosea unaweza ukapiga deki wiki nzima wakati shida iko kwenye sinki.

Uzuri ni kwamba vitu vingi vya kufanyia kazi hii unavyo tayari, pleti za kuoteshea bakteria, diski za dawa, rula, daftari, na mtu anayekumbuka nani alilala wapi. Mashine ya kusoma vinasaba nitaifikia mbele, ila ukisema uisubiri hiyo ndo uanze, wodi itakuwa imeshabadilisha wagonjwa wote.

KWANZA UELEWE MZIGO UNAVYOSAFIRI

Chukulia stendi ya Nane Nane pale Mbeya. Jeni ya usugu ni karatasi moja. Karatasi iko ndani ya bahasha, bahasha iko kwenye begi, begi liko kwenye basi. Basi ndo ukoo wa bakteria. Begi ni plazmidi, yaani kiduara cha vinasaba kinachoishi ndani ya bakteria pembeni ya kromosomu yake na kinajizalisha chenyewe. Bahasha ni transpozoni na jamaa zake, vipande vinavyojichomoa sehemu moja na kujipachika kwingine. Sasa ile karatasi inaweza kufika Tunduma basi lenyewe likienda Tunduma, au begi likipitishwa dirishani kwenda basi lingine, au mtu akachomoa bahasha kwenye begi hili akaiweka kwenye begi jingine kabisa. Tofauti na stendi ni moja na ndo inayoumiza: bakteria akitoa begi lake anabaki na nakala. Anayetoa hapungukiwi kitu.

Kutoa kwenyewe kunahitaji bakteria wawili wagusane, mmoja anatoa kama kimrija, anamvuta mwenzie karibu, nakala ya plazmidi inapita. Kuna njia zingine, virusi vinavyoshambulia bakteria vinaweza kubeba kipande kwa bahati mbaya wakakipeleka kwa mwingine, na kuna bakteria wanaookota vinasaba vya marehemu (Griffith aliona hiyo kwa bakteria wa nimonia mwaka 1928 kabla watu hawajajua hata vinasaba vimetengenezwa na nini). Lakini kwa hawa wanaotusumbua wodini, Klebsiella, E. coli na ndugu zao, mtu wa kumwangalia kwanza ni plazmidi.

Mwaka 1946 Joshua Lederberg na Edward Tatum walionyesha E. coli wanabadilishana vinasaba, ila ubaya wake ulikuja kuonekana Japani miaka ya 50. Kulikuwa na kuhara damu kwa Shigella, na Shigella wale wakaanza kugoma dawa nne kwa mpigo, salfa, streptomaisini, kloramfenikoli na tetrasaikilini. Mabadiliko ya kubahatisha kwenye vinasaba hayaji manne kwa siku moja kwa bakteria mmoja. Wakaangalia choo cha mgonjwa yuleyule, wakakuta E. coli wake naye anagoma zilezile nne. Wakawachanganya hao wawili maabara na usugu wote ukahama kwa pamoja, kazi ya kina Akiba na Ochiai hiyo, 1959. Mashine ya kusoma vinasaba haikuwepo duniani, walikuwa na pleti na macho. Kwahiyo mtu asiniambie hospitali ya wilaya haiwezi.

Na kwanini zinahama kwa pamoja? Kwasababu kwenye begi moja jeni zinarundikwa. Kuna kipande kinaitwa integroni kazi yake ni kukusanya jeni na kuzipanga mstari mmoja zisomwe pamoja. Matokeo yake mgonjwa unampa septrini, wewe akili yako iko kwenye septrini, kumbe unalitunza begi lenye jeni ya kugoma seftriaksoni. Hii watu wengi hawaipendi kuisikia manake inaharibu ile hesabu ya "tupumzishe dawa moja usugu utaondoka". Uingereza walipunguza salfa miaka ya 90 kwa zaidi ya asilimia 90, af wakapima E. coli kwenye hospitali moja London, usugu wa salfa ulikuwa kama asilimia 40 mwaka 1991 na mwaka 1999 ukakutwa kama asilimia 46. Haukushuka. Plazmidi nyingine zina hata sumu na kiuasumu chake, bakteria akijaribu kuitupa ile plazmidi kiuasumu kinaisha kabla ya sumu na anakufa. Begi linamshika mwenye basi.

Sasa koo. Wapo bakteria ambao ukoo wenyewe ndo umefanikiwa. E. coli ST131 (ST na namba yake ni jina la ukoo) yuko karibu kila mahali duniani, mara nyingi kabeba jeni ya CTX-M-15 inayovunja seftriaksoni, na juu yake ana mabadiliko kwenye kromosomu yake yanayomfanya agome sipro, hayo hayatoki kwa begi, anazaliwa nayo. Klebsiella ST258 ndo alisambaza Marekani jeni ya KPC, inayovunja meropenemu. Kwa hao ni basi linalotembea. NDM, jeni nyingine ya kuvunja meropenemu, ni kinyume chake, iligundulika kwa mgonjwa mmoja Sweden mwaka 2008 aliyekuwa amelazwa India kabla, na toka hapo imekutwa kwenye plazmidi za kila aina na bakteria wa kila aina, huwezi kuikamata kwa kufuata ukoo mmoja. Na hiyo familia ya CTX-M yenyewe asili yake ni kromosomu ya bakteria wa mazingira anaitwa Kluyvera, ambaye hamsumbui mtu, bahasha ikaichomoa ikaiweka kwenye begi, basi ikawa imetoka. Hapa nchini CTX-M-15 imesharipotiwa hospitali za Muhimbili na Bugando kwa Klebsiella na kwa E. coli, kwahiyo ukikuta seftriaksoni imegoma Mbeya au Iringa, huyo ndo wa kwanza kumshuku.

USITUPE KOLONI

Hapa ndo kazi nyingi zinakufa kabla hazijaanza. Majibu yakishatoka pleti inaingia kwenye autoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, wiki tatu baadae wanakuja kusema wodi ya watoto kuna kitu, unaulizwa wale wa mwanzo wako wapi, hawapo. Bakteria yeyote anayegoma seftriaksoni au meropenemu kutoka kwa mgonjwa aliyelazwa, mtunze. Chukua koloni moja safi, yaani kile kidoa cha bakteria kilichoota kwenye pleti, iweke kwenye brothi yenye gliseroli kama asilimia 20, friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kama friza hiyo huna, mlalo wa nutrienti aga (chakula cha bakteria kilichogandishwa kwa kuinamishwa) kwenye kichupa kilichofungwa vizuri, gizani, unakaa miezi. Friza ya kawaida inayozima umeme ukikatika na kuwaka ukirudi ni mbaya kuliko kichupa kwenye droo, yale kuganda na kuyeyuka yanawaua.

Na kama pleti ina bakteria wa aina mbili usichague mmoja ukamwita mwingine uchafu. Tunza wote wawili. Wale wawili kwenye mgonjwa mmoja ndo ushahidi wako mkubwa, kumbuka Wajapani.

Lebo iwe namba, tarehe na wodi, kwa penseli au kalamu isiyofutika. Nimeona lebo za biki zikiyeyuka zote kwenye barafu, droo nzima ya bakteria wasio na jina.

DAFTARI

Mstari mmoja kwa kila bakteria. Namba ya mgonjwa (sio jina), alikotoka, tarehe ya kulazwa, tarehe ya sampuli, kitanda, na kama alihama kitanda andika na tarehe ya kuhama, vifaa alivyowekewa, katheta, kanula, oksijeni, mashine ya kunyonya makohozi, dawa alizopata kabla ya sampuli, jina la bakteria, af majibu. Alikotoka ni muhimu kwetu kuliko kwa wenzetu wa Dar labda, manake hospitali kubwa huku inapokea mtu kutoka Kyela, mwingine Chunya, mwingine Sumbawanga, na wengi wamelala kituo cha afya na hospitali ya wilaya kabla hawajafika, wamechomwa seftriaksoni huko siku kadhaa. Sampuli iliyochukuliwa ndani ya saa 48 toka alazwe, kawaida tunahesabu kaja nayo. Lakini kama hizo saa 48 zilitanguliwa na siku 6 hospitali nyingine basi "kaja nayo toka nyumbani" sio kweli, kaja nayo toka hospitali.

Ukipata muda chora wodi kwenye karatasi, vitanda, milango, sinki ziko wapi, meza ya kuchanganyia dawa iko wapi. Utakuja kunishukuru, ndaga fijo mapema.

KUSOMA MUUNDO

Watu wanasoma sensitiviti, yaani majibu ya dawa ipi inakubali na ipi imegoma, dawa kwa dawa. Wewe isome kama neno moja. Panga dawa mpangilio uleule kila siku, seftriaksoni, seftazidimu, genta, amikasini, septrini, sipro, meropenemu, na uandike milimita za duara lisilo na bakteria kuzunguka diski, sio R na S peke yake. Mtu mwenye R ya milimita 6 na mwenye R ya milimita 18 sio lazima wawe ndugu hata kama karatasi imewaandika sawa. Hii itafanya kazi tu kama upimaji wako ni uleule kila siku, maji ya bakteria yenye ukungu wa 0.5 McFarland (kipimo cha wingi wao), aga ya Mueller-Hinton yenye kina cha milimita 4, nyuzi 35, masaa 16 mpaka 18. Na huku kwetu nisisitize hili la joto, mwezi wa sita na wa saba Mbeya au Makete chumba ni friji, pleti ikitoka kwenye friji halisi ikawekwa mezani haipati joto yenyewe, na inkubeta ikifunguliwa kila dakika tano haifiki 35. Weka kipimajoto ndani, kiamini hicho, namba ya mlangoni inadanganya.

Haya, ukishakuwa na maneno ya kulinganisha angalia haya.

Bakteria wa aina moja, tuseme wote Klebsiella, neno lilelile mpaka kwenye milimita, wagonjwa waliolala pamoja: shuku basi, yaani ukoo mmoja umetembea.

Bakteria wa aina tofauti, Klebsiella kwa huyu, E. coli kwa yule, Enterobacter kwa wa tatu, na wote wanagoma mchanganyiko uleule ambao sio wa kawaida, tuseme seftriaksoni na genta na septrini wakati sipro inakubali: shuku begi. Ikiwa ni ndani ya mgonjwa mmoja shuku zaidi.

Bakteria wa aina moja lakini maneno tofauti tofauti, na wagonjwa hawajawahi kukutana: inawezekana kila mtu kaja na chake.

Sasa msije mkanishika kwa hilo kama sheria. Ukoo mmoja unaweza kudondosha begi njiani ukaonekana maneno mawili tofauti, na mabegi mawili tofauti yanaweza kuwa na karatasi zinazofanana. Muundo unakwambia uanzie wapi kuchimba, hauhukumu. Na sipro nimeitaja makusudi, ikigoma kabisa mara nyingi ni mabadiliko ya kromosomu, kwahiyo ni alama ya ukoo kuliko alama ya begi, wakati genta na septrini zinapenda kusafiri begini.

VIPIMO VIWILI VYA BEI YA CHINI

Cha kwanza cha kujua kama ni kimeng'enya cha kuvunja seftriaksoni. Weka diski ya amoksilini na klavulaneti katikati, diski za sefotaksimu na seftazidimu pembeni, milimita 20 toka kituo mpaka kituo. Duara la sefotaksimu likivutika kuelekea katikati kama tundu la ufunguo, ipo. Ukiwa na diski zenye klavulaneti ndani yake ni rahisi zaidi, duara likiongezeka milimita 5 au zaidi kuliko ile isiyo na klavulaneti, ipo.

Cha pili ni pale meropenemu ikianza kugoma, na hapa usilale. Bakteria kijiko cha mikrolita 1 kwenye mililita 2 za brothi ya soya, unatumbukiza diski ya meropenemu ya mikrogramu 10, masaa manne kwenye inkubeta, unaitoa unaiweka kwenye pleti iliyopakwa E. coli ATCC 25922 anayejulikana hana usugu. Kesho yake duara likiwa milimita 6 mpaka 15, dawa ililiwa, kuna kimeng'enya. Milimita 19 kwenda juu hakuna. Katikati hapo rudia. Kwa Pseudomonas tumia kijiko cha mikrolita 10. Gharama yake ni diski moja na uvumilivu, sioni kwanini hospitali ya mkoa isifanye.

Hiki kipimo kikitoka chanya, piga simu wodini kabla hujaandika karatasi.

Kuchanganya bakteria wawili kuona kama begi linahama, kama walivyofanya Wajapani, tafadhali msifanye kwenye benchi ya kazi za kila siku. Unatengeneza bakteria sugu mpya pale pale mezani. Hiyo ni ya maabara za utafiti.

SASA NI IPI KATI YA TATU

Rudi kwenye ramani na daftari. Kama ni basi, utaona mnyororo, huyu alikuwepo wakati yule anaingia, kitanda hiki kikaguswa na mtu yuleyule, mashine ileile ya kunyonya makohozi ilipita. Lakini mnyororo unaweza kuonekana umekatika na kumbe haujakatika. Mwaka 2011 kwenye hospitali ya taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, Bethesda, mgonjwa aliingia na Klebsiella mwenye KPC, wakamtenga, akaruhusiwa akaenda, kama wiki tatu zikapita kimya, af akatokea wa pili. Kila mtu akadhani ni kitu kipya. Jumla walifika wagonjwa 18, 11 walifariki, sita kati yao wakahesabiwa ni kwa sababu ya huyo bakteria. Kusoma vinasaba ndo kukaonyesha wote wametoka kwa yule wa kwanza, waliokuwa katikati walikuwa wamembeba utumboni kimya bila kuumwa. Kwahiyo ukiona pengo la wiki tatu usifunge daftari. Swabu ya njia ya haja kubwa kwa waliolala jirani itakuonyesha kilichojificha.

Kama ni begi, hutaona mnyororo unaoeleweka. Leo Klebsiella kitanda cha 3, wiki ijayo E. coli kitanda cha 11, baadae Enterobacter kwa mtu ambaye hakuwahi kukaa karibu na hao wawili. Mahali pa kuangalia ni pawili. Pa kwanza ni utumbo wa mgonjwa, na nadhani hapa ndo panapodharauliwa kuliko popote. Utumbo umejaa bakteria wamebanana, na seftriaksoni sehemu yake kubwa inatoka kupitia nyongo inaingia utumboni, inawafagia walio dhaifu, wanabaki wenye begi na majirani wapya wa kupewa begi. Hospitali moja ya Madrid walifuatilia plazmidi inaitwa pOXA-48, wakakuta inaingia kwa mgonjwa na Klebsiella, af ndani ya mgonjwa huyohuyo inahamia kwa E. coli wake. Mgonjwa anatoka wodini na bakteria sugu ambaye wodi haijawahi kuwa naye.

Pa pili ni sinki. Lile kona la bomba chini linalobaki na maji, mle ndani kuna utando wa bakteria wa kila aina wamekaa wamegusana miezi. Af sisi tunawapikia. Mabaki ya dripu yenye glukosi, chai ya mgonjwa, uji, na mabaki ya antibayotiki kwenye chupa, vyote vinamwagwa sinki lilelile la kunawia mikono. Chakula na dawa kwa pamoja, wanaobaki hai ni wenye begi tu. Maji yakifunguliwa kwa nguvu yanarusha matone, na kama meza ya kuchanganyia dawa iko chini ya mita moja hapo, umemaliza mchezo.

Kama kila mtu kaja na chake, hapo utakuta wengi sampuli zao ni za ndani ya saa 48, wametoka wilaya tofauti, na maneno hayafanani. Watu wengi wa hospitali wakifika hapa wanashika mkono kiunoni wanalaumu maduka ya dawa mtaani. Sitetei, mtu kuuziwa antibayotiki nusu dozi Mwanjelwa au Ipogolo ni kitu kipo. Lakini DLDM (duka la dawa muhimu), mfumo ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, angalau muuzaji anatakiwa awe amefundishwa na ana orodha ya dawa anazoruhusiwa. Sisi wodini nani anatuzuia? Seftriaksoni iko kwenye kundi la dawa za kuangaliwa kwa jicho kali kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani, na kuna wodi anayeingia na homa na anayeingia na mguu uliovunjika wote wanaipata siku ya kwanza.

UFANYE NINI KWA KILA MOJA

Likiwa basi, yaani ukoo umetembea, ni kazi ya mikono na vifaa. Mgonjwa mwenye huyo bakteria atengwe, na kama chumba hamna basi kona moja na nesi wake, stetoskopu yake, kipimajoto chake. Vifaa vya kunyonya makohozi vitakaswe kati ya mgonjwa na mgonjwa, kichupa kimoja cha dawa kisitumike kuchoma watoto kadhaa. Mikono kwa spiriti, sekunde 20 mpaka 30, na hapa kuna ukweli wa Mbeya ambao hauandikwi kwenye miongozo: Julai asubuhi maji ya bomba ni barafu na watu hawanawi. Usiwasomee sheria, weka kichupa cha kitakasa mikono kila kitanda. Kinatengenezeka famasia ya hospitali, mchanganyiko wa Shirika la Afya ni ethanoli asilimia 80, haidrojeni peroksaidi asilimia 0.125 na gliseroli asilimia 1.45, hiyo gliseroli ndo inazuia ngozi isipasuke kwa baridi kwahiyo msiipunguze kuokoa hela. Na kumbuka mikono yenye uchafu unaoonekana inataka maji na sabuni, spiriti haitoshi.

Likiwa begi, hayo ya mikono yanabaki, ila peke yake hayatoshi. Tenga sinki la kunawa na la kumwagia, libandike karatasi, na in-charge asione aibu kugomba. Sogeza meza ya dawa. Swabu ya bomba la sinki ipelekwe maabara sambamba na za wagonjwa. Af ukae na daktari mkuu wa wodi mjadili seftriaksoni, nani anaihitaji, siku ngapi, na nani kuotesha kwake kumesharudi hasi na bado anachomwa tu. Usiahidi usugu utashuka mwezi ujao, nimeshawaambia ya salfa Uingereza. Unachopunguza ni kasi ya mabegi kupata mabasi mapya.

Waliokuja nacho, pima wanaotoka hospitali nyingine siku wanayoingia, kabla hawajachanganyika, na rudisha majibu kule walikotoka. Hili la kurudisha majibu halifanyiki kabisa na halina gharama.

UKIPATA NAFASI YA KUSOMA VINASABA

Usipeleke bakteria wote 40. Peleka wachache wanaojibu swali: wawili wenye neno lilelile kutoka kwa wagonjwa waliopishana kwa wiki kadhaa, jozi ya Klebsiella na E. coli kutoka mgonjwa mmoja, mmoja wa sinki, na mmoja unayeamini hahusiki ili uwe na wa kulinganisha. Kromosomu ya Klebsiella ni herufi zaidi ya milioni 5, wawili wakitofautiana herufi chache tu, wametoka kwa mzazi mmoja karibuni. Hapo umejua habari za basi.

Kwa habari za begi uliza mashine ni ya aina gani. Zinazosoma vipande vifupi ni sahihi sana lakini plazmidi imejaa sehemu zinazojirudia, vipande vinashindwa kujipanga, unaambiwa jeni ipo lakini sio iko kwenye begi gani. Zinazosoma vipande virefu, kama Nanopore, zinaweza kukupa duara zima la plazmidi. Ukipewa jibu la "CTX-M-15 imepatikana" usitosheke, uliza iko kwenye kromosomu au kwenye plazmidi, plazmidi ya kundi gani, na inafanana kiasi gani na ile ya mgonjwa mwingine.

Kabla jibu hilo halijarudi mgonjwa wako atakuwa ameruhusiwa au amepewa rufaa. Kwahiyo kwenye karatasi ya rufaa au ya kuruhusiwa, chini ya utambuzi wa ugonjwa, ongezeni mstari mmoja wa mkono: amebeba bakteria gani, anagoma dawa zipi, sampuli ya tarehe ngapi. Wa Mafinga akimpokea mtu toka kwenu ajue siku hiyohiyo amlaze wapi.